Pakiti ya ORS na Ugomvi wa Uzito wa Atomi

SEHEMU YA KWANZA

Mfululizo wetu wa historia ya vitu vilivyomo kwenye kabati la dawa unaendelea. Safari hii nitakwenda mbali kidogo, mpaka Ulaya ya miaka mia mbili iliyopita, halafu nitarudi nanyi jikoni. Mnivumilie.

Kama una pakiti ya ORS hapo nyumbani, ichukue. (Kama huna na una mtoto chini ya miaka mitano, kesho pita kituo cha afya au duka la dawa, usingoje kuharisha kuanze usiku wa manane.) Igeuze nyuma, usome yale maandishi madogo. Kloridi ya sodiamu, ambayo ndiyo chumvi ya kawaida, gramu 2.6. Glukosi gramu 13.5. Kloridi ya potasiamu gramu 1.5. Sitreti ya sodiamu gramu 2.9. Yote hayo ni kwa lita moja ya maji.

Sasa tazama. Glukosi imeizidi chumvi zaidi ya mara tano. Mtu yeyote akiangalia hapo atasema hii ni sukari iliyotiwa chumvi kidogo. Lakini ukiacha gramu ukahesabu idadi, yaani vile vijisehemu vidogo kabisa ambavyo hata darubini ya maabara yetu haivioni, utakuta sodiamu na glukosi kwenye ile lita ziko sawasawa. 75 kwa 75. Mtu aliyepanga pakiti hii alikuwa anahesabu. Mizani ilikuwa njia yake ya kuhesabia tu.

Fikiria duka la vifaa vya ujenzi. Misumari haihesabiwi mmoja mmoja, inapimwa kwa kilo. Muuzaji mzoefu anajua kilo moja ya misumari ya inchi nne inatoa mingapi, na kilo moja ya inchi mbili inatoa mingapi, na anajua kabisa kwamba kilo kwa kilo idadi hailingani. Kinachomsaidia ni kitu kimoja: anajua msumari huu ni mzito mara ngapi kuliko ule.

Basi glukosi na chumvi ni hivyo hivyo. Ila hapa msumari wenyewe hauonekani, haushikiki, na hamna mizani ya kuuweka mmoja. Nani alijua uzito wake? Alijuaje? Jibu ni kwamba kwa zaidi ya miaka hamsini hawakujua, na walikuwa wanagombana. Usiku mwema, kesho tunaanza na mwalimu mmoja wa Uingereza.


SEHEMU YA PILI

Anaitwa John Dalton. Alizaliwa mwaka 1766, mtoto wa mfuma nguo, kijijini kaskazini mwa Uingereza. Alianza kufundisha shule akiwa na miaka 12 tu, yaani rika la mtoto wako wa darasa la sita. Baadaye akahamia mji wa Manchester, akawa anafundisha na kuandika habari za hali ya hewa kila siku. Jambo dogo pembeni: alikuwa haoni rangi vizuri, nyekundu kwake ilikuwa kama kivuli tu, na mwaka 1794 akaandika kuhusu tatizo hilo kabla ya watu wengi kulijua.

Wazo kwamba vitu vyote vimeundwa na vijisehemu visivyogawanyika lilikuwepo tangu Wagiriki wa kale. Kilichokuwa kipya kwa Dalton ni hesabu. Alisema kila elementi, iwe haidrojeni, oksijeni, chuma, ina atomi zake, na atomi za elementi moja zina uzito wake ambao si sawa na wa elementi nyingine. Na akasema: siwezi kupima atomi moja, lakini naweza kulinganisha. Nitaipa haidrojeni, iliyo nyepesi kuliko zote, namba 1. Halafu nitatafuta nyingine ni nzito mara ngapi kuliko hiyo. Septemba 1803 aliandika kwenye daftari lake jedwali la kwanza la aina hiyo. Mwaka 1808 akalichapisha kitabuni, likiwa limeboreshwa.

Humo oksijeni ilikuwa na uzito wa 7. Leo tunajua ni 16. Mbona tofauti kubwa hivyo? Alikuwa na mizani mbovu? Kidogo, ndiyo, vipimo vyake havikuwa vizuri sana. Akipima vizuri angepata 8. Lakini 8 na 16 bado ni mbali, na hapo ndipo palipo na utamu wa habari yenyewe.

Njoo gengeni. Muuza genge amepanga mafungu ya papai na ndimu, kisha akamwaga kila kitu kwenye gunia. Wewe huruhusiwi kuona ndani. Unaambiwa tu kwamba ndimu zote kwa pamoja zina kilo 1, na mapapai yote kwa pamoja yana kilo 8. Papai moja ni zito mara ngapi kuliko ndimu moja?

Kama kila fungu lilikuwa na papai moja na ndimu moja, jibu ni mara 8. Rahisi.

Lakini kama kila fungu lilikuwa na papai moja na ndimu mbili? Basi idadi ya ndimu ni mara mbili ya mapapai, kila ndimu ni ndogo kwa nusu ya ulivyodhani, na papai linakuwa zito mara 16.

Gunia ni lile lile. Mizani imesema kitu kile kile. Namba imebadilika kwa sababu hukujua fungu limepangwaje.

Gunia la Dalton lilikuwa maji. Ukiyatenganisha maji unapata sehemu 1 ya haidrojeni na 8 ya oksijeni kwa uzito. Yeye hakuwa na njia ya kujua kila kijisehemu cha maji kina atomi ngapi za haidrojeni, kwa hiyo akachukua njia fupi: kama hatujui, tuseme ni moja kwa moja. Sisi leo tunaandika H2O, hata mtoto wa sekondari anaijua. Dalton angeandika HO. Hiyo 2 ndogo pale chini ya H iligharimu nusu karne.

Na kilichotokea kwa maji kilitokea kwa kila kitu. Ukikosea oksijeni, unakosea kaboni, kwa sababu unaipima kwa kuilinganisha na oksijeni. Ukikosea kaboni, umekosea sukari, mafuta, siki, pombe, na kila kitu kilichomo mwilini mwa binadamu. Kosa moja linazaa watoto na wajukuu.

Msaada ulikuja mapema mno, na haukupokelewa. Mfaransa Gay-Lussac aligundua kwamba gesi zinapoungana zinaungana kwa ujazo wa namba nzima: lita mbili za haidrojeni na lita moja ya oksijeni zinatoa lita mbili za mvuke wa maji. Mwaka 1811 Mwitaliano wa mji wa Turin, Amedeo Avogadro, aliyesomea sheria kabla ya kuhamia sayansi, akasema basi jibu liko hapo. Ujazo sawa wa gesi zozote mbili, kwenye joto na mgandamizo sawa, una idadi sawa ya molekuli. Kama ni hivyo, lita mbili kwa lita moja maana yake ni ndimu mbili kwa papai moja. Fungu limeonekana bila kufungua gunia!

Hawakumsikiliza. Dalton mwenyewe alikataa hata vipimo vya Gay-Lussac. Wengine waliona haiwezekani atomi mbili za aina moja zishikane kama pacha, na nadharia ya Avogadro ilihitaji hivyo. Alifariki mwaka 1856, heshima yake ikiwa bado njiani.


SEHEMU YA TATU

Dada mmoja ameniuliza inbox: "Nesi, sasa wale wanasayansi walikuwa wanafanyaje kazi muda wote huo?" Swali zuri. Walikuwa wanafanya kazi kama familia ambayo kila mtu ana kikombe chake cha kupimia unga, halafu wote wanasema "weka vikombe vitatu".

Wapo waliopima kwa uangalifu wa ajabu. Msweden Jöns Jacob Berzelius alichambua michanganyiko karibu 2000 kwa mikono yake, kwenye maabara ya kawaida kabisa, na jedwali lake la mwaka 1818 lina namba nyingi zinazokaribia za leo ukizigeuza vizuri. Nasema ukizigeuza kwa sababu yeye aliipa oksijeni 100 badala ya kuipa haidrojeni 1. Ndiyo hivyo, hata pa kuanzia kuhesabu hawakukubaliana. Wengine waliandika kaboni 6, wengine 12. Oksijeni 8 kwa huyu, 16 kwa yule. Mjerumani August Kekulé alikusanya kwenye kitabu chake namna 19 tofauti za kuandika asidi moja tu, ile iliyomo kwenye siki unayoweka kwenye kachumbari. Kumi na tisa!

Nataka ulione hili kama mama. Hebu chukulia dawa. Daktari wa mji mmoja anaandika kipimo kwa namba zake, mfamasia wa mji mwingine anasoma kwa namba za kwake. Wote wawili wamesoma, wote ni waangalifu, hakuna mzembe hata mmoja. Na bado hawaelewani.

Kekulé na wenzake wawili, Wurtz wa Paris na Weltzien wa Karlsruhe, wakaona imetosha. Waliitisha mkutano Karlsruhe, Ujerumani, kuanzia tarehe 3 hadi 5 Septemba 1860. Wakaja wanakemia zaidi ya 120 kutoka nchi nyingi za Ulaya. Ulikuwa mkutano wa kwanza wa kimataifa wa aina hiyo kwa kemia.

Walifikia muafaka? Hapana. Walibishana siku tatu, na mwisho wakaona mambo ya sayansi hayaamuliwi kwa kura, kila mtu aendelee na lake. Ningekuwepo ningekasirika. Lakini siku ya mwisho alisimama Mwitaliano mmoja, Stanislao Cannizzaro.

Huyu alizaliwa Palermo, Sicily, mwaka 1826. Mwaka 1848 aliingia kwenye mapinduzi ya kisiwa chake, mapinduzi yakashindwa, akakimbilia Ufaransa. Baadaye akapata kazi ya kufundisha, na ilipofika 1858 alikuwa mwalimu wa chuo kikuu mjini Genoa. Kama mwalimu yeyote, alikuwa na shida ya darasani: wanafunzi wanachanganyikiwa na namba zinazogongana. Akaandika muhtasari wa masomo yake, namna alivyowapeleka hatua kwa hatua. Hakugundua elementi mpya. Alichofanya ni kumchukulia Avogadro kwa dhati na kuonyesha kwamba ukimfuata, kila kitu kinakaa mahali pake.

Njia yake naipenda kwa sababu hata mimi naielewa. Chukua gesi na mivuke ya vitu mbalimbali vyenye kaboni. Pima ujazo sawa wa kila moja, kwa hiyo una idadi sawa ya molekuli. Linganisha na haidrojeni. Halafu uliza: katika kila molekuli, sehemu ya kaboni ina uzito gani? Unakuta hapa 12, pale 24, kwingine 36, kwingine 12 tena. Hukuti 6. Hukuti 18. Sasa kama duka linauza soda, na kila mteja anatoka na uzito wa chupa moja, mbili, au tatu, hujawahi kuona anayetoka na nusu chupa, basi umeshajua uzito wa chupa moja. Kaboni ni 12. Kwa njia hiyo hiyo oksijeni ni 16.

Baada ya hotuba, rafiki yake Angelo Pavesi akasimama mlangoni na kugawa kile kijitabu cha muhtasari kwa waliokuwa wanaondoka. Hicho tu. Makaratasi ya mwalimu wa darasani yakigawiwa watu wakiwa na mabegi mkononi. Mjerumani Lothar Meyer alikisoma safarini na tena nyumbani, akaeleza baadaye kwamba mashaka yake yalimwisha. Ndani ya miaka michache wengi wakawa wanaandika 12 na 16.

Ukumbini alikuwepo pia kijana wa Kirusi wa miaka 26. Kabla sijamweleza, lazima kwanza niwaeleze mama yake.


SEHEMU YA NNE

Maria Dmitrievna Mendeleeva aliishi Tobolsk, Siberia. Alizaa watoto wengi, na Dmitri alikuwa kitinda mimba, amezaliwa mwaka 1834. Mwaka huo huo baba, aliyekuwa mkuu wa shule, akapofuka na kuacha kazi. Mama akachukua kiwanda cha kioo cha ukoo wao na kukiendesha mwenyewe ili familia ile. Mwaka 1847 mume akafariki. Mwaka 1848 kiwanda kikaungua.

Kitinda mimba alikuwa na akili ya hesabu. Mama huyu, mjane, hana kiwanda, umri umekwenda, akafunga mizigo akaondoka naye kwenda Moscow, safari ya kilomita karibu 2000 kabla ya reli kufika huko. Chuo cha Moscow kikamkataa. Wakasonga mbele hadi St. Petersburg, na mwaka 1850 kijana akapokelewa chuo cha ualimu. Muda mfupi baada ya hapo mama akafariki. Miaka mingi baadaye Dmitri alimtaja mama yake mwanzoni mwa moja ya kazi zake za kisayansi, akimshukuru.

Mniwie radhi, hapa huwa nasimama kidogo.

Dmitri Mendeleev alirudi Urusi akiwa na namba za Cannizzaro. Mwaka 1869 alizipanga elementi zote 63 zilizojulikana wakati huo kufuata uzito wa atomi, nyepesi kwenda nzito, akaona tabia zinajirudia kama siku za wiki. Sodiamu inafanana na potasiamu. Klorini inafanana na iodini. Bila namba sahihi mpangilio huo usingeonekana. Ungekuwa kama kupanga watoto kwa urefu wakati nusu yao wamesimama juu ya stuli.

Alikuwa jasiri kiasi cha kuacha nafasi wazi na kusema hapa kuna elementi hatujaipata, uzito wake utakuwa karibu 68. Mwaka 1875 Mfaransa Lecoq de Boisbaudran akaipata, galiamu, na uzito wa atomi yake leo ni 69.7. Mfaransa alipotangaza msongamano wake kuwa 4.7, Mendeleev, ambaye hajawahi kuiona hata kwa mbali, akamwambia pima tena, inatakiwa kuwa kama 5.9. Akasafisha sampuli, akapima tena. Ilikuwa 5.9.

Ila kuna mahali jedwali lilimgomea, na ni mahali panapotuhusu sisi kila tunapopika: iodini, ile tunayoiita madini joto kwenye pakiti ya chumvi. Kwa uzito, iodini ni 126.9 na teluriamu ni 127.6. Ukifuata uzito tu, iodini inatangulia. Lakini kwa tabia, iodini ni ndugu wa klorini, na teluriamu iko kwenye ukoo mwingine kabisa. Mendeleev akaamua kufuata tabia, akaiweka teluriamu mbele, na akasema waliopima teluriamu wamekosea. Mpangilio wake ulikuwa sahihi. Sababu aliyoitoa haikuwa sahihi, vipimo havikuwa na shida.

Jibu lilipatikana mwaka 1913 na kijana Mwingereza, Henry Moseley. Kwa kutumia eksirei, hii hii tunayopigia picha za kifua, alionyesha kwamba kila elementi ina namba yake ya mpangilio, inayotokana na chaji iliyo katikati ya atomi. Teluriamu ni 52, iodini ni 53. Uzito unafuatana na namba hiyo mara nyingi, sio mara zote. Moseley aliuawa vitani Gallipoli mwaka 1915, akiwa na miaka 27.

Na kwa nini uzito unapotoka? Kwa sababu atomi za elementi moja nazo hazilingani uzito, kinyume na alivyoamini Dalton. Zinaitwa isotopu, jina ambalo mwanakemia Frederick Soddy alipewa na mwanamke daktari wa tiba, Margaret Todd. Teluriamu ya asili imejaa isotopu nzito, za 128 na 130. Iodini yote ya asili ni 127. Mfano rahisi zaidi ni klorini ya kwenye chumvi yako: kati ya kila atomi nne, kama tatu zina uzito wa 35 na moja ina 37. Jumlisha ugawe kwa nne, unapata 35.5. Hiyo nusu iliwasumbua watu karne nzima. Ni wastani tu, kama tunavyosema familia zina watoto wanne na nusu.


SEHEMU YA TANO

Turudi nyumbani. Nimewaletea historia yote hiyo kwa sababu ya swali ninaloulizwa sana kliniki ya wajawazito kuhusu vidonge vya kuongeza damu. Mtu ananunua mwenyewe dukani, anaona kimoja kimeandikwa miligramu 200 na kingine miligramu 300, anachukua cha 300 kwa kuwa ni kikubwa na bei imechangamka.

Soma jina, sio namba peke yake. Kidonge cha ferasi salfeti kikavu cha miligramu 200 kina chuma chenyewe kama miligramu 65. Kidonge cha ferasi glukoneti cha miligramu 300 kina chuma kama miligramu 35. Kikubwa kina nusu ya chuma cha kile kidogo! Hakuna aliyeibiwa hapo. Atomi ya chuma ina uzito wa karibu 56. Kwenye salfeti imebebana na mzigo mwepesi, jumla yake karibu 170, kwa hiyo chuma ni theluthi moja. Kwenye glukoneti imebebana na mzigo mkubwa wa kaboni na oksijeni, jumla inapita 480, kwa hiyo chuma ni kama asilimia 12. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito apate miligramu 30 hadi 60 za chuma kwa siku, na wanamaanisha chuma chenyewe, sio uzito wa kidonge. Ulichopewa kliniki kimeshapigiwa hesabu hiyo. Usikibadilishe kwa sababu ya ukubwa wa namba, uliza kwanza.

Zinki ya mtoto anayeharisha ni vile vile. Kwenye boksi utaona imeandikwa salfeti ya zinki miligramu 54.9, halafu pembeni zinki miligramu 20. Mama mwingine anashtuka, anadhani kipimo kimezidi. Hakijazidi. Ile 20 ndiyo zinki, iliyobaki ni mzigo ilioshikana nao.

Na sasa ORS yenyewe. Chukua kalamu.

Glukosi ina atomi 6 za kaboni, 12 za haidrojeni na 6 za oksijeni. Sita mara 12 ni 72. Kumi na mbili mara 1 ni 12. Sita mara 16 ni 96. Jumla 180. Gramu 13.5 ni miligramu 13,500. Gawa kwa 180. Ni 75.

Chumvi ni sodiamu 23 na klorini 35.5, jumla 58.5. Miligramu 2,600 gawa kwa 58.5 ni 44 na kidogo. Sitreti inaleta sodiamu nyingine kama 30, kwa sababu kila molekuli yake imebeba tatu. Jumla unafika 75, ukikadiria. Potasiamu: 39 na 35.5 ni 74.5, gawa 1,500 kwa hiyo, ni 20. Vipimo hivi tunaviita milimoli, na ndivyo vinavyoandikwa pia kwenye majibu ya damu maabara, kwa sababu mwili nao haujali gramu.

Agosti 1960, mjini Prague, karibu miaka mia kamili baada ya Karlsruhe, Mmarekani Robert Crane alieleza wazo lake kwamba ukuta wa utumbo mwembamba unaingiza sodiamu na glukosi pamoja, kupitia mlango mmoja. Zikiingia, maji yanafuata. Hata mtoto akiwa anaharisha vibaya, mlango huo mara nyingi unaendelea kufanya kazi. Chumvi peke yake haiufungui vizuri. Sukari ikizidi sana, inabaki tumboni na kuvuta maji kutoka mwilini, kuharisha kunaongezeka.

Mwaka 1968 madaktari waliokuwa Dhaka walionyesha kwamba wagonjwa wa kipindupindu wanaweza kutibiwa kwa kunywa. Mwaka 1971 vita vya Bangladesh vikasukuma mamilioni ya wakimbizi kuingia India, na kipindupindu kikawafuata. Kambi ya Bangaon, Dk. Dilip Mahalanabis akaishiwa dripu. Timu yake ikapima chumvi, glukosi na magadi ya kuokea, ikafunga kwenye mifuko ya plastiki, ikachanganya na maji kwenye mapipa, na ndugu wa wagonjwa wakawa ndio wanaowanywesha. Vifo vilivyokuwa karibu 30 katika kila wagonjwa 100 vilishuka hadi chini ya 4. Kina mama kwa vikombe.

Pakiti ya zamani, ile ambayo mama zetu walitumia kwetu, ilikuwa na glukosi gramu 20, yaani milimoli 111, na sodiamu 90. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilishusha zote mbili hadi 75 kwa 75, baada ya kuona watoto wanatapika kidogo zaidi na wanahitaji dripu mara chache zaidi.

Kwa hiyo ukiona mtoto anakataa, usiongeze sukari ili imnogee. Usigawe pakiti nusu kwa glasi kwa kukisia. Angalia imeandikwa ya maji kiasi gani, nyingi ni za lita moja ila zipo za nusu lita, pima maji safi na salama kwa chupa unayoijua ujazo wake, mimina pakiti yote, koroga mpaka iyeyuke, mpe kijiko kwa kijiko, na itakayobaki baada ya saa 24 mwaga. Ananyonya? Endelea kumnyonyesha. Ana macho yaliyoingia ndani, amelegea, hanywi, au choo kina damu? Acha kusoma hapa, mlete.